Mshono wa Kusimama

Picha ya sare tuliyoituma kwenye kundi la ukoo ilikuwa na wanawake 27. Sisi tulikuwa 28. Aliyekosekana ni dada yangu mkubwa, tumbo moja, na aliyemtoa pichani ni mimi. Nilimkata kwa kidole gumba nikiwa nimelala kitandani, hata viatu sijavua, kisha nikaituma picha na maneno kwamba mashangazi tumefunika.

Nimeishi na jambo hili kwa muda, na hatari ya kuishi na jambo ni kulizoea. Naliandika sasa kwa sababu wanawake wenzangu huniuliza namna ya kuchagua nguo inayomkaa mtu vizuri, nami huwajibu kwa ufasaha, na kila nikijibu naona haya. Hayo ninayowajibu sikuyasoma popote. Niliyapata kwa kumwaibisha mtu aliyenilea.

Kwetu mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa mavazi. Hakuna aliyeniteua. Mungu alinipa urefu, kiuno chembamba na mabega yaliyonyooka, mwili ambao hata gauni la mtumba la elfu tatu kutoka soko la Karume ukilivaa watu wanauliza umeagiza wapi. Badala ya kusema kweli, kwamba kazi kubwa imefanywa na mwili na gauni limepanda tu juu yake, nikaanza kuamini kwamba nina kipaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La kwangu nililitia maji mpaka ikabaki harufu.

Nikawa mgawaji wa kanuni. Mnene avae nyeusi. Mwenye tumbo avae dera. Mwenye makalio asiguse maua makubwa. Mistari ya kulala inanenepesha, ya kusimama inarefusha. Hii ya mistari niliisema kwa uhakika wa mtu aliyesomea, mpaka miaka ya baadaye nilipokuta kwamba mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliandika mwaka 1867 kinyume chake kabisa: mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu kuliko ulivyo, na mfano aliotoa ni wa magauni ya wanawake. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita na mimi bado nilikuwa nikimkataza wifi yangu blauzi yake ya mistari.

Lakini uongo wa kanuni moja si kitu. Ubaya wa kanuni zangu ni kwamba zote zilikuwa za kuficha, na zote ziliwahusu wengine. Hakuna hata moja iliyonigusa mimi.

Kaka yetu alipojaaliwa kumuaga binti yake wa kwanza, kamati ikaundwa na kundi la wasapu likafunguliwa. Sare ya mashangazi wakaniachia mimi. Nilikataa mara moja, kwa adabu, nikijua hawatakubali.

Kariakoo nilikwenda na mweka hazina wa kamati. Tulizunguka maduka ya jumla asubuhi nzima, tukachagua kitenge cha waksi cha bluu ya wino, chenye maduara makubwa ya rangi ya chungwa, kila duara ukubwa wa kisahani. Kitambaa kizito, kingali na wanga wa kiwandani, ukikikunja kinalia. Tukanunua majora tukagawa yadi nne nne, kila kichwa sawasawa. Nilijisifu kwa haki ile. Haikunijia akilini kwamba yadi nne kwa mtu wa kiuno cha inchi 27 si yadi nne kwa mtu wa inchi 44. Kutoka kwenye fungu langu mimi nilipata gauni, kilemba na kipochi. Dada yangu, kutoka kwenye fungu lake, fundi alilazimika kuunganisha vipande viwili mgongoni ili gauni litimie.

Kisha mshono. Niliupata mtandaoni: msichana mrefu amesimama kwenye ngazi, mkono kiunoni, gauni limembana kutoka kifuani hadi magotini halafu likachanua chini. Mkia wa samaki. Niliutuma kwenye kundi saa tano usiku, na kabla hapajakucha wenzangu saba walishaweka alama za moto.

Fundi wetu ni mzee mmoja anayeshonea barazani, Temeke, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Nilimwamkia, nikampa simu aione picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

“Huyu binti,” akauliza, “alikaa?”

“Alikaa wapi, mzee wangu?”

“Nauliza tu. Naona amesimama. Huu ni mshono wa kusimama, mwanangu. Shughuli ya saa sita watu watakaa, watakula, watainuka kucheza. Na kitambaa chenyewe ni pamba, hakivutiki hata kidogo. Mwanamke akikaa nyonga zinatanuka. Utaniruhusu niwaachie inchi ngapi?”

Nikamwambia asiache. Ukiacha nafasi, umbo linapotea.

“Umbo la nani?” akauliza.

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Si fundi peke yake aliyenionya. Mmoja wetu, mama wa watoto wanne, aliandika kwenye kundi akiomba la kwake liwe la marinda. Nilimjibu kwamba sare ni sare, jamani, tusije tukaonekana tumekutana njiani. Wakacheka, akanyamaza. Na dada yangu, ambaye si mtu wa kuandika mbele ya watu, akanitumia ujumbe wa sauti pembeni: “Mdogo wangu, mshono huu mimi utanifaa kweli?” Nilimwambia utamfaa sana, atafute tu taiti nzuri ya kubana tumbo.

Hapa ndipo penye maungamo yenyewe, na nitajitahidi nisiyapambe.

Nilikuwa na picha mbili. Ya pili ilikuwa ya gauni lililokatwa chini kidogo ya kifua, likashuka kwa kuachia mpaka chini ya magoti, mikono robo tatu. Mshono wa kila mtu. Nilikuwa na gauni la namna hiyo kabatini, nikalivaa, nikajitazama. Nilipendeza, lakini nilipendeza kama watakavyopendeza wengine wote. Nikalivua, nikajifunga kitenge kwa kukibana mpaka magotini, nikageuka upande, nikaona mchirizi wa kiuno changu kwenye kioo. Nikaifuta ile picha ya pili kwenye simu. Hakuna aliyewahi kuiona.

Kwa hiyo sikukosea kwa kutojua. Nilijua nani angependeza na nani angeteseka, na nilijua kwamba kati ya watu 28 ni watatu au wanne waliozaliwa kwa ajili ya mshono ule, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilichagua nguo ya wanawake 28 mbele ya kioo cha mmoja.

Dada yangu ni nani, niseme. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la pili. Dada alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri na kuviuza kituoni, na vitumbua vile ndivyo vilivyonivisha. Sare yangu ya shule aliipeleka kwa fundi na kumwagiza aweke pindo kubwa, limekunjwa mara mbili kwa ndani. Kila mwaka alikuwa akifumua kidogo, sketi inashuka inanifikia. Pale penye mkunjo wa zamani pakawa na mstari wa rangi ya awali, na ukinitazama miguuni ungeweza kuhesabu miaka kama pete za mti. Nilikuwa nikiona aibu kwa mistari ile. Ilinichukua nusu ya umri wangu kuelewa kwamba dada alikuwa amenishonea nguo na nafasi ya kukua ndani yake, na kwamba nilipopata zamu ya kumchagulia yeye, sikumwachia hata inchi.

Siku ya shughuli, ukumbini, magauni yalikuwa yakimeta. Nilipokelewa mlangoni kwa simu zilizoinuliwa. Nilizunguka meza zote nikisalimia, na mara ya tatu au ya nne nilipopita nilimwona dada amesimama karibu na nguzo. Nikamwuliza mbona hakai. Akasema amechoka kukaa. Alikuwa hajakaa tangu alipofika. Hata kwenye daladala, nilikuja kuambiwa, alisimama njia nzima ameshika bomba, viti vikiwa vitupu.

Mshereheshaji akaita mashangazi. Wimbo ukawekwa, tukaingia kwa mstari tukicheza, zawadi mikononi na vichwani. Dada alibeba beseni la vyombo kichwani, kwa madaha yake yaleyale ya mwanamke aliyebeba mizigo maisha yake yote. Alicheza vizuri kuliko sisi sote. Alipofika mbele ya bibi harusi ilibidi ainame kuliweka beseni chini.

Zipu ikiachia haipigi kelele kama watu wanavyodhani. Ni mlio mfupi, kama karatasi ya mkate inapochanwa. Niliusikia kwa sababu nilikuwa nyuma yake tu. Zipu iliachia kutoka kiunoni kwenda chini, na ule mshono wa kuunganisha pale mgongoni ukaifuata.

Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, umbali wa mkono, na sikufanya kitu. Nilisimama. Mshono wangu ulikuwa wa kusimama.

Bibi mmoja wa upande wa mwanamume, mtu tusiyemjua, aliinuka kitini huku akicheza. Alivua kanga begani, akaja kwa hatua za wimbo, akamzungusha dada kiunoni, akafunga fundo, akaendelea kucheza naye bega kwa bega kama vile ndivyo ilivyopangwa tangu nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele. Nusu ya ukumbi haikujua kilichotokea.

Nimeifikiria sana kanga ile. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga tatu kwa tatu wapate vazi moja, na hapo ndipo kanga ilipoanza. Tangu hapo haijawahi kuwa na saizi. Ina pindo, ina mji, ina jina lake, lakini haina namba kolani. Mwembamba akijifunga huzungusha zaidi, mnene huzungusha kidogo, mjamzito huongeza, aliyejifungua hukaza. Kitambaa kilekile kinamfuata kila mmoja alivyo. Kwenye ukumbi uliojaa gharama, nguo iliyofanya kazi yake ilikuwa ile ambayo haikumpima mtu.

Usiku ule picha zikaanza kumiminika. Picha ya mashangazi wote ilipigwa nje, baada ya tukio. Dada alisimama pembeni kabisa, na kanga nyekundu juu ya bluu yetu. Niliitazama, na nilichokiona kwanza ni kwamba ameharibu rangi. Hilo ndilo wazo langu la kwanza, sitaki kulikana. Kwa bahati alikuwa mwisho wa mstari. Nikavuta ukingo wa picha kwa ndani, kidogo tu.

Kesho yake watu walisifu kwa mistari mirefu. Dada aliandika neno moja: “Mmependeza.”

Hakuandika tumependeza. Kiambishi kimoja, na nilikielewa barabara, lakini nikajifanya ni makosa ya kuandika.

Kilichonirudisha kwa fundi ni suruali ya mtumba niliyotaka kuipunguza. Akaipokea, akaitundika, na kabla hajaniuliza inchi akaniuliza, “Dada yako gauni lilimkaa?”

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo haya mawili. Mtu hukaa, na nguo humkaa. Nilisimama barazani pale na suruali yangu nikakosa jibu, maana nguo ile haikumkaa wala yeye hakukaa. Nikamweleza yote, pamoja na picha. Hakunilaumu. Alinisogezea kigoda, akasema kama nina nafasi nishike futikamba, yeye macho yamechoka. Nilikaa barazani pale Jumamosi tisa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba gauni haliishi kiunoni, linaning’inia begani. Mshono wa bega ukifika kwenye kile kifupa cha mwisho cha bega na kukomea hapo, nguo nzima hutulia. Ukishuka mkononi unaonekana umeazima, ukipanda shingoni unaonekana umekua. Na bega ndilo gumu kurekebisha: kiuno hupunguzwa kwa dakika kumi, bega unafumua mkono mzima na kola. Kwa hiyo mtumbani shika bega kwanza. Kwa suruali na sketi shika nyonga. Nunua inayotosha pale ulipo mpana zaidi, kwingine fundi atapunguza. Sisi wengi hufanya kinyume: tunanunua inayotosha kiunoni, tunajipa ahadi ya kupungua.

Jambo la pili, nguo husema. Mikunjo inayolala, inayovutana kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, inasema nimebana. Mikunjo inayosimama na kulegea inasema nimezidi. Mikunjo inayokimbilia kifuani kutoka begani na kwapani inasema umenipa kifua na hukunipa dati. Tangu nilipojua haya siwezi kupita mbele ya kioo bila kuisikiliza nguo yangu, na nimegundua kwamba nyingi ya nguo tunazosema zinatunenepesha ni ndogo kwa inchi moja au mbili. Mwanamke anaona mikunjo, anadhani ni nyama zake. Anakwenda kununua taiti ya kubana, na alichohitaji ni mtu wa kufumua ubavu.

Kwa kitambaa kisichovutika mzee huacha si chini ya inchi mbili za ziada kwenye nyonga na karibu hizo kifuani, na hampimi mtu akiwa amesimama tu. Humwambia akae kwenye kigoda, anampima nyonga tena, anatumia namba kubwa. Kisha humwuliza swali ambalo mwanzo lilinifanya nitazame pembeni: siku ya shughuli utavaa sidiria ipi? Kifua kikipandishwa au kikishushwa, vipimo vyote vya mbele vinabadilika. Gauni la laki moja likipimwa juu ya sidiria iliyochoka mpira, litakataa siku utakayovaa mpya.

Aliniambia pindo likomee mahali mguu unapoanza kuwa mwembamba, chini ya goti au juu ya kifundo, lisikate katikati ya shavu la mguu, maana jicho hupima mguu pale pindo linapoishia. Na kuhusu yale maduara yetu makubwa, alitandika kipande cha kitenge mezani akanionyesha: ua kubwa halina kosa, kosa ni mahali linapoangukia. Fundi mwenye haraka hukunja kitambaa na kukata, duara linatua katikati ya tumbo kama shabaha. Fundi mwenye subira hukisogeza kwanza, duara likakaa kifuani au likagawanywa na mshono wa ubavuni, na jicho linakwenda alikotaka. Lakini kusogeza kunakula kitambaa. Yadi nne kwa kila kichwa haziruhusu subira.

Nilimwuliza siku moja kuhusu rangi nyeusi. Alikuwa na uzi mdomoni, akajibu bila kuutoa: nyeusi inayobana inabana, nyekundu inayokaa inakaa.

Jumamosi ya tisa nilikwenda kwa dada alfajiri, wakati wa vitumbua. Bado anakaanga, sasa kwa oda. Shikamoo yangu aliipokea bila kugeuka. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia kila kitu: picha ya pili niliyoifuta, kioo, maneno ya fundi, mkono wangu ambao haukunyooka, kidole gumba kilichonyooka. Aligeuza vitumbua vyote kimoja kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu.

“Umemaliza?” akauliza.

“Nimemaliza, dada.”

“Basi nirudishie yadi zangu nne.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. “Nililipa pesa yangu. Gauni nimelivaa saa tatu, limechanika, na mnanidai niseme tumependeza. Nirudishie kitambaa changu.”

Nilikwenda Kariakoo Jumatatu. Lile duka lilikuwa limeshapokea mzigo mwingine. Nikaingia la pili, la tatu, nikimwonyesha kila muuzaji picha. Kitenge kile kilikuwa kimekwisha, na mitindo ya vitenge ikipita haiulizwi ilikokwenda. Nilikaa kwenye ngazi za duka moja nikafikiri ni nani kati ya wale 28 anaweza kuniuzia gauni lake, na jibu lilipokuja lilinikera, kwa sababu lilikuwepo muda wote kabatini kwangu, kwenye hanga, ndani ya nailoni.

Gauni langu lilikuwa zima. Halikuwa na doa wala mshono uliolegea. Nilikuwa nimelipangia harusi nyingine mbili. Nilimpelekea mzee pamoja na kilemba na kipochi, na lile la dada lililochanika. Akaweka kisu kidogo cha kufumulia mbele yangu. “Fumua mwenyewe,” akasema, “mimi nitashona.”

Kufumua gauni lililokupendeza ni kazi ya polepole. Ukivuta kwa hasira kitambaa kinachanika, na kikichanika hakitamfaa mwenzako. Nilifumua mchana kutwa. Nilipofika kwenye ubavu wa gauni la dada nilikuta kitu: ndani, pande zote mbili, mzee alikuwa amekunja akiba ya inchi moja moja na kuificha chini ya bitana. Nilimkataza kuacha nafasi, naye akaiacha mahali ambapo singeiona. Isingetosha kumwokoa siku ile, lakini ilitosha sasa kupokea vipande vya kuongezea.

Alilikata chini kidogo ya kifua. Akaweka vipande virefu viwili ubavuni, vilivyotoka kwenye mkia wa samaki wangu, akaliacha lishuke mpaka chini ya goti. Mikono robo tatu ilitoka kwenye kilemba changu. Duara moja alilipandisha mpaka karibu na bega la kushoto. Ukilijua unaona ni ule mshono nilioufuta kwenye simu.

Harusi iliyofuata ya ukoo nilisimama kwenye kikao nikasema sitachagua mshono wa mtu. Nikapendekeza kitambaa kiwe kimoja na kila mtu ashone kinachomkaa, yadi zihesabiwe kwa vipimo na si kwa vichwa, na tofauti ya bei ilipwe na mfuko wa kamati ili mwenye mwili asitozwe faini kwa kuwa na mwili. Wenzangu wawili walilalamika kwamba hiyo haitakuwa sare tena. Dada akawauliza sare maana yake nini kama si watu kuwa sawa. Hoja ikapita, si kwa kelele.

Siku ya shughuli alivaa lile gauni letu la bluu, rangi ambayo haikuwa ya sare ya siku ile, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilikuwa nimetangulia kumshikia nafasi. Alikuja, akalitengeneza gauni kwa nyuma kwa mkono mmoja, akakaa. Akala wali wake. Mpiga picha alipotupitia akatuomba tusimame, dada akamwambia apige hivihivi.